Sikio Litangulie Jicho: Mafunzo ya Lishe na Ubaguzi wa Uzito

Mama wa umri wa miaka arobaini na ushei anaingia katika chumba cha ushauri wa lishe cha hospitali ya wilaya. Kabla hajaketi na kabla kadi yake haijafunguliwa, mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo amekwisha kuamua mambo matatu kumhusu: kwamba anakula kupita kiasi, kwamba hafanyi kazi ya kutoa jasho, na kwamba ushauri atakaopewa hataufuata. Mama anasema, "Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya goti." Mwanafunzi anajibu, "Goti hilo, mama, litapona ukipunguza kula." Hakuna anayeuliza kwamba mama huyo huamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza, husimama mpaka adhuhuri, na hupata mlo wake mmoja wa maana usiku, amechoka. Hakuna anayelishika goti lenyewe. Mama anaondoka na karatasi yenye orodha ya vyakula vilivyokatazwa, na kliniki haimwoni tena mpaka siku atakapoletwa akiwa hajiwezi.

Mama huyu ni wa kubuni, lakini mfanyakazi wa afya asiyemtambua ni nadra kupatikana. Lililomkuta linaitwa ubaguzi wa uzito, yaani ile hukumu ya tabia, akili na bidii ya mtu inayotolewa kwa kuutazama mwili wake pekee. Ubaguzi huu hauhitaji matusi wala kelele. Mara nyingi huvaa koti jeupe, huzungumza kwa upole, na hujiona kuwa ni ushauri wa kitaalamu. Hata msamiati wa taaluma haujasalimika. Neno rasmi linalotumika katika nyaraka za afya nchini Tanzania kwa unene uliopindukia ni kiribatumbo. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kutekea maji. Basi mgonjwa anayesomewa jina la hali yake katika karatasi ya kliniki anaambiwa, kwa Kiswahili sanifu kabisa, kwamba tumbo lake ni kiriba kilichojaa. Yumkini aliyelibuni neno hilo hakukusudia dhihaka, lakini wanafunzi hulicheka darasani siku ya kwanza wanapolisikia, na kicheko hicho ndicho somo lao la kwanza kuhusu wagonjwa hao.

Wengi hudhani kwamba wataalamu wa lishe, kwa kuwa wanasoma kwa kina jinsi mwili unavyotumia chakula, ndio wangekuwa wa mwisho kuwalaumu watu wanene. Tafiti zinaonyesha vinginevyo. Mwaka 2009 Rebecca Puhl na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 182 wa lishe ya tiba. Kila mwanafunzi alipewa maelezo ya mgonjwa mmoja wa kubuni. Maelezo yalikuwa yale yale isipokuwa uzito na jinsia ya mgonjwa. Wale waliosoma kuhusu mgonjwa mnene walimwona kuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufuata matibabu, na walikadiria kwamba mlo wake ni mbaya zaidi na afya yake duni zaidi, ilhali karatasi haikusema hivyo. Nchini Uingereza utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha wanafunzi 1,130 wa lishe, udaktari na uuguzi. Asilimia 1.4 tu ndio walioonyesha mtazamo mwema au usioegemea upande wowote kuhusu watu wanene. Na katika uchunguzi wa wanafunzi 4,732 wa mwaka wa kwanza wa udaktari, kutoka vyuo 49 vya Marekani, asilimia 67 walikiri wazi mtazamo hasi na asilimia 74 waligunduliwa kuwa nao ndani kwa ndani, kwa kipimo kinachopima kasi ya akili katika kuunganisha picha na maneno mema au mabaya.

Mizizi ya mtazamo huo ni imani kwamba uzito ni hiari ya mtu: anayenenepa amechagua, na asiyepungua hajataka. Sayansi iliiacha imani hiyo zamani. Mwaka 1986 wachunguzi waliwafuatilia watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa, wakakuta kwamba maumbo yao yalifanana na ya wazazi waliowazaa na wala hayakuhusiana na ya wazazi waliowalisha. Mwaka 1990 Claude Bouchard wa Quebec, Kanada, alichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa lishe angepaswa kulijua kama anavyolijua jedwali la vyakula. Vijana wa kiume 24, jozi 12 za pacha wa kufanana, walilishwa kilokalori 1,000 za ziada kwa siku 84 katika kipindi cha siku 100, wakisimamiwa muda wote. Walikula ziada ile ile, lakini aliyeongezeka kidogo kuliko wote aliongezeka kilo 4.3 na aliyeongezeka zaidi alifikia kilo 13.3, na pacha alifanana na pacha mwenziwe kuliko alivyofanana na wengine. Kisha mwaka 2011 utafiti wa Australia ulionyesha kwamba watu waliopungua kwa mlo mkali wa wiki kumi walikuwa bado, mwaka mmoja baadaye, na homoni zinazowasukuma kuhisi njaa kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza. Kwa lugha nyepesi, mwili hupigana kurudi ulikotoka. Anayeitwa mvivu huenda anafanya kazi ambayo mwembamba hajawahi kuagizwa kuifanya.

Kwa hiyo jawabu ni kuwafundisha wanafunzi sayansi hii? Ifundishwe, bila shaka. Lakini mwalimu anayedhani kwamba mhadhara wa saa mbili kuhusu homoni utaung'oa ubaguzi anajidanganya. Mwanafunzi hujibu mtihani vizuri, akaandika kwamba unene una vyanzo vingi, kisha huingia wodini na kumwita mgonjwa kwa jina la mzaha. Pale Nottingham, Uingereza, wanafunzi 43 wa lishe na udaktari walishirikishwa katika jaribio dogo ambalo baadhi yao walionyeshwa filamu za kupinga unyanyapaa wa uzito. Mara baada ya filamu, mitazamo waliyoikiri iliboreka. Ule wa ndani, usiokiriwa, haukutikisika. Na uchambuzi wa majibu ya Wamarekani yaliyokusanywa mtandaoni kati ya 2007 na 2016 ulionyesha kwamba ubaguzi wa ndani kuhusu rangi ulipungua katika kipindi hicho, lakini ule unaohusu uzito wa mwili uliongezeka. Hili si jambo la kukatisha tamaa. Ni jambo la kumfanya mwalimu achague vifaa vyake kwa makini.

Wapo watakaosema kwamba haya ni matatizo ya Ulaya na Marekani, na kwamba huku Afrika Mashariki unene ni heshima. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inastahili kutazamwa vizuri. Ni kweli kwamba aliyetoka safari akiwa ameongezeka mwili huambiwa amenawiri, na kwamba kitambi cha mwanamume kimehesabiwa kwa muda mrefu kuwa cheti cha mafanikio. Ni kweli pia kwamba wembamba uliingia katika kivuli kibaya tangu miaka ya 1980, pale UKIMWI ulipoitwa "slim" nchini Uganda, na mpaka leo wapo wagonjwa wa kisukari wanaoogopa kupungua kwa sababu ya maneno ya majirani. Lakini sifa hiyo ina mipaka yake, na mipaka hiyo ni finyu. Mama yule yule anayesifiwa harusini kwa kujaa ndani ya vitenge vyake huambiwa na kondakta wa daladala alipie siti mbili. Mtoto mnene shuleni huitwa bonge au tipwatipwa, na mwalimu hucheka pamoja na darasa. Na anapofika kliniki, mwili uliokuwa neema mtaani hugeuka ghafla kuwa ushahidi wa kosa. Mgonjwa wa huku hubeba mizigo miwili kwa mpigo: akipungua atashukiwa, asipopungua atalaumiwa. Mtaala uliotafsiriwa kutoka ng'ambo haumjui mgonjwa huyo. Na si wachache: utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Duniani kote, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, mtu mmoja kati ya wanane anaishi na kiribatumbo.

Hapa ndipo sauti inapoingia. Ubaguzi wa uzito ni ubaguzi wa jicho. Hukumu hutolewa pale mlangoni, kwa nukta chache, kabla ya neno lolote. Picha haiwezi kuitibu hukumu hiyo kirahisi kwa sababu picha huanza na kile kile kinachohukumiwa. Mbaya zaidi, picha zinazozagaa zenyewe ni za dhihaka: matumbo yasiyo na vichwa, watu waliopigwa kwa nyuma wakiwa wanakula. Uchambuzi wa tovuti za habari za Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba asilimia 72 ya watu wanene katika picha hizo walionyeshwa kwa namna ya kudhalilisha. Slaidi za darasani huokotwa kutoka chungu hicho hicho. Sauti, kinyume chake, huubadilisha mpangilio wa mkutano. Msikilizaji humjua kwanza mtu: kicheko chake, kusita kwake, jinsi anavyowataja watoto wake, jinsi anavyoipanga siku yake. Uzito huja baadaye, ukitajwa na mwenyewe, kwa maneno aliyoyachagua mwenyewe. Akili iliyokwisha kumzoea msemaji kwa dakika kumi hupata shida kumrudisha katika kundi la "wale wavivu".

Afrika Mashariki haina haja ya kukopa wazo hili. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuisikiliza redio kwa wiki kumi na mbili, wakiongozwa na kiongozi wa kikundi na kitabu chepesi, kisha wakajadili na kwenda kuchimba vyoo. Miaka miwili baadaye ilifuata Chakula ni Uhai, kampeni ya lishe iliyotumia mtindo huo huo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Wasikilizaji wa wakati huo hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori, na mwisho wake. Mchezo huo ulipimwa kwa makini usio wa kawaida: eneo la Dodoma lilirushiwa vipindi vingine mpaka mwaka 1995, ili walioupata mchezo walinganishwe na wasioupata. Wachunguzi waliona mabadiliko katika uzazi wa mpango na katika kujikinga na virusi vya UKIMWI, na wakaona kwamba sehemu kubwa ya kazi ilifanyika baada ya redio kuzimwa, watu walipozungumza majumbani kuhusu walichokisikia.

Lakini funzo lililo zito kuliko yote linatoka Rwanda. Katika nchi ambamo redio ilikuwa imetumiwa mwaka 1994 kuchochea mauaji, mwaka 2004 ulianza kurushwa mchezo wa Kinyarwanda uitwao Musekeweya, kisa cha vijiji viwili jirani vinavyohasimiana. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck aliufanyia jaribio la mwaka mzima: baadhi ya jamii zilisikiliza mchezo huo kwa vikundi, nyingine zikasikiliza mchezo wa afya. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2009, yaliwashangaza wengi. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni fikra zao kuhusu kile kinachokubalika miongoni mwao, na matendo yao. Mwishoni kila kikundi kiliachiwa redio na kanda za vipindi. Vikundi vilivyosikiliza mchezo wa afya viliikabidhi haraka kwa kiongozi aitunze. Vile vilivyosikiliza Musekeweya vilijadiliana, wanachama wakathubutu kupinga, na wakatafuta njia ya kuitunza kwa pamoja.

Mwalimu wa lishe anayelisoma jaribio hilo kwa makini ataacha kujiuliza swali lisilo na faida. Swali lisilo na faida ni hili: je, kipindi cha sauti kitaisafisha mioyo ya wanafunzi? Hakitaisafisha, angalau si kwa muhula mmoja, na mgonjwa hana muda wa kuusubiri utakaso huo. Swali lenye faida ni: je, kitabadilisha kile ambacho wanafunzi wanaona kuwa ni halali kusemwa mbele ya wenzao? Ubaguzi wa wodini ni mali ya kikundi. Mzaha kuhusu mgonjwa wa kitanda cha kumi na mbili husemwa kwa sababu msemaji anajua kwamba wenzake watacheka. Wanafunzi sita waliokaa chumba kimoja wakamsikiliza mama akieleza kwamba aliwasikia wauguzi wakiuliza kama kitanda kitamhimili, na wakaonana nyuso zao wakati wanasikiliza, hawatacheka tena kwa urahisi ule ule. Si lazima wawe wamekuwa watu wema. Inatosha kwamba kila mmoja anajua kuwa mwenzake naye alisikia.

Ndiyo sababu njia rahisi inayovutia vyuo vingi, ya kuweka podikasti mtandaoni na kumwagiza kila mwanafunzi asikilize kwa wakati wake akiwa na vipokea sauti masikioni ndani ya basi, ni nusu ya kazi, na pengine ni nusu iliyo nyepesi. Mtindo wa Mtu ni Afya ulikuwa bora zaidi nusu karne iliyopita: kusikiliza pamoja, kiongozi aliyeandaliwa, mjadala, kisha tendo.

Katika chuo cha leo jambo hili halihitaji fedha nyingi. Simu ya kawaida hunasa sauti ya kutosha, katika chumba chenye mapazia mazito na feni iliyozimwa. Kipindi kisizidi dakika kumi na tano. Sauti ziwe za wagonjwa wenyewe, na kwa Kiswahili chao, cha Tanga kiwe cha Tanga na cha Mwanza kiwe cha Mwanza, bila kusafishwa na mtangazaji. Awepo mama aliyekwenda na kikohozi akarudi na karatasi ya mlo. Awepo kijana wa kiume, maana wanaume wanene huonekana kama kwamba hawaumii. Awepo mgonjwa wa kisukari aliye mwembamba, aeleze jinsi ambavyo hakuna aliyempima mapema kwa sababu umbo lake halikumtia mtu wasiwasi. Ubaguzi wa uzito humdhuru naye pia. Na awepo mfanyakazi wa afya mnene. Muuguzi au mtaalamu wa lishe mwenye mwili mkubwa huishi na kejeli ya pekee, ya kuulizwa na wagonjwa na wenzake kwamba atamshauri nani. Wanafunzi wenye miili mikubwa wamo madarasani wakati slaidi zile zinaonyeshwa, na wao hujifunza siku hiyo kwamba taaluma waliyoichagua haiwataki.

Kabla ya kusikiliza, kila mwanafunzi aandike kwa mistari michache anavyomfikiria mgonjwa aliyetajwa kwa uzito, umri na tatizo lake tu. Karatasi zisikusanywe. Baada ya kusikiliza, kila mmoja asome alichoandika, kimya. Aibu ya faragha hufundisha. Aibu ya hadharani humfanya mtu ajitetee tu. Kisha mjadala, na katika wiki hiyo hiyo wanafunzi wafanye mazoezi ya kumhoji mgonjwa wakisimamiwa, ili kilichosikika kipate pa kushikia. Na irudiwe, si mara moja katika wiki ya kwanza bali kila muhula, hasa kabla ya kwenda katika mafunzo kwa vitendo, maana wodi ina mtaala wake wa siri ambao hufuta haraka kilichofundishwa darasani.

Sauti nayo ina hatari zake. Michezo na vichekesho vya redio vina mtu mnene wao wa siku zote, anayehema, anayekanyaga kwa kishindo, anayeulizia chakula. Watayarishaji wasio makini watamrudisha mtu huyo kwa mlango wa nyuma. Hatari nyingine ni visa vya ushindi, vya yule aliyekuwa na kilo mia na ishirini na sasa ana sabini. Visa hivyo hupendwa sana, lakini huacha nyuma yake funzo lile lile la zamani, kwamba aliyebaki mnene hakujitahidi. Kipindi chema humwacha msemaji na uzito wake na bado kikamheshimu. Hatari ya tatu ni huruma. Mwanafunzi anayetoka darasani akiwaonea wanene huruma amebadilisha tu kimo cha dharau yake. Bado yuko juu, anatazama chini.

Lipo pia suala la idhini, na hilo halina mzaha. Sauti ni kama uso: katika mji mdogo majirani watamtambua msemaji kwa neno la kwanza, na faili moja likiingia katika kundi la WhatsApp halirudi. Anayetoa sauti yake aelezwe hivyo waziwazi, apewe nafasi ya kusikiliza kabla ya kukubali, na awe na haki ya kuiondoa wakati wowote. Asiyetaka sauti yake isikike, maneno yake yasomwe na mwingine. Kinachopotea ni kidogo kuliko kinacholindwa.

Pingamizi kubwa huja kutoka kwa madaktari wenyewe, na si pingamizi la kipuuzi. Unene uliopindukia huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo, na saratani kadhaa. Je, kuwafundisha wanafunzi wasiwahukumu wanene si kuwafundisha wakae kimya mbele ya hatari? Pingamizi hilo linachanganya kulaumu na kutibu. Hakuna ushahidi kwamba aibu humpunguza mtu kilo. Mwaka 2020 wataalamu wa kimataifa walichapisha tamko la pamoja, likaidhinishwa na zaidi ya taasisi mia moja za kitaaluma, wakieleza kwamba unyanyapaa wa uzito hudhuru mwili na akili na huwazuia watu kupata matibabu wanayostahili. Mgonjwa aliyedhalilishwa hupunguza kitu kimoja kwa uhakika, nacho ni idadi ya siku anazokuja kliniki. Mtaalamu wa lishe anayetaka kuzungumza na mama yule kuhusu mafuta ya kukaangia, sukari ya chai na mlo wa usiku, na ana kila sababu ya kutaka, anamhitaji awe amerudi.

Aidha, isidhaniwe kwamba vipindi vya sauti vitachukua nafasi ya vifaa. Mkanda wa kipimo cha presha ulio mdogo kwa mkono mnene husoma juu kuliko ilivyo, na mgonjwa huanzishiwa dawa asizozihitaji. Hilo halitibiwi na huruma ya mtu yeyote bali na mkanda mpana. Mizani iliyowekwa ukumbini, namba ikasomwa kwa sauti mbele ya foleni, iingizwe chumbani leo hii. Viti visivyo na mikono, vitanda imara na kanga au gauni za hospitali zinazotosha ni gharama ndogo zikilinganishwa na mgonjwa asiyerudi. Hospitali isiyo na hivi, ikiwaleta wanafunzi wake kusikiliza sauti za wagonjwa, inawafundisha jambo moja kwa sikio na kinyume chake kwa jicho.

Na kwa mgonjwa anayesoma ukurasa huu akiisubiri zamu yake: ni haki yake kuomba apimwe uzito faraghani, na kuomba namba yake isitangazwe. Akihisi kwamba kila malalamiko yake yanarudishwa kwenye unene, anaweza kuuliza kwa adabu, "Daktari, angekuja mtu mwembamba na maumivu haya, ungemchunguza nini?" Swali hilo halimtukani mtu. Mhudumu mzuri atatua kalamu na kufikiri, na huenda akagundua kwamba bado hajagusa mahali panapouma.

Chuo kitakachotaka kuanza kinaweza kuanza na kile kisa cha goti, kikisimuliwa na mama wa kweli. Mwalimu asiache kipindi kiende mpaka mwisho. Akizime mara baada ya maneno "Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya goti," awape wanafunzi karatasi, na awaambie waandike swali moja tu ambalo wangemuuliza mama huyo kwanza.